Utalii na nchi zinazoendelea: Tumfundishe nini mtoto wa shule ya msingi?

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo imerithishwa kizazi hata kizazi katika mwambao wa Afrika Mashariki, na kila mtoto anayelelewa huku huisikia kabla hajajua kusoma. Lakini katika vijiji vya pwani ya mashariki na kaskazini ya Unguja, kama vile Kiwengwa, Paje, Jambiani na Nungwi, methali hiyo sasa imegeuka kuwa swali. Mgeni amekuja, tena amekuja kwa maelfu. Je, mwenyeji amepona?

Mtoto wa vijiji hivyo huwaona watalii asubuhi akienda shule na jioni akirudi. Anajua kuwasalimia kwa Kiingereza na kwa Kiitaliano. Anajua pia kwamba kaka yake aliyeacha masomo na kwenda ufukweni kuuza vinyago na bangili, siku nyingine hurudi nyumbani na fedha nyingi kuliko anazopata mwalimu kwa siku ile. Asichokijua, kwa kuwa hakuna aliyemweleza, ni kwa nini mgeni huyo ametoka mbali kuja kijijini kwao, fedha anazolipa zinakwenda wapi, na ujio wake unabadili nini katika maisha ya jamii.

Makala haya yanakusudia kueleza namna somo hilo linavyoweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa ukweli na bila kumjaza mtoto chuki wala unyonge.

Nchi inayoendelea ni nchi gani?

Mwalimu anayetaka kufundisha athari za utalii hana budi kuanza na neno ambalo watoto hulisikia redioni kila siku: nchi zinazoendelea. Wanafunzi wengi hulielewa kwa maana moja tu, yaani nchi maskini. Kosa hilo lisiposahihishwa mapema, mtoto hukua akiamini kuwa kila mgeni ni mfadhili na kila mwenyeji ni mhitaji.

Ukweli ni kwamba mipaka ya makundi hayo huwekwa na watu, na hubadilika. Umoja wa Mataifa ulianzisha orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi mwaka 1971, na Tanzania ilikuwamo tangu mwanzo. Vigezo vinavyotazamwa ni kipato cha wananchi, hali ya elimu na afya, na uwezo wa uchumi kuhimili misukosuko. Benki ya Dunia hutumia kipimo kingine, cha pato la taifa kwa kila mtu, na kwa kipimo hicho Tanzania ilipandishwa Julai 2020 kutoka kundi la nchi za kipato cha chini hadi kundi la kipato cha kati cha ngazi ya chini. Mwaka 2016, benki hiyo iliacha kuzigawa nchi katika mafungu mawili ya zilizoendelea na zinazoendelea katika takwimu zake kuu za maendeleo, kwa sababu mgawanyo huo haukuwa ukieleza tena hali halisi.

Zipo nchi zilizokwisha kutoka katika orodha ya Umoja wa Mataifa, na mbili kati ya hizo zinafaa sana kwa somo hili. Cape Verde ilitoka mwaka 2007 na Maldives mwaka 2011. Zote ni nchi za visiwa, na katika zote mbili utalii ulikuwa miongoni mwa nguzo kubwa za uchumi. Mwanafunzi wa Unguja au Pemba akiambiwa hayo, ataelewa kuwa maendeleo ni safari inayopimwa kwa mambo yanayoonekana, kama vile zahanati, madarasa, maji na kazi za wazazi.

Jambo la kushangaza ni kwamba watoto wa mbali wamekuwa wakifundishwa habari zetu. Kwa miaka mingi, mtaala wa jiografia wa shule za msingi nchini Uingereza uliwataka wanafunzi kusoma eneo moja katika nchi isiyoendelea sana kiuchumi, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizochaguliwa mara kwa mara. Basi mtoto wa kule alichora boma la Wamasai na kujadili iwapo utalii unawafaa wenyeji. Haifai mjadala huo ufanyike darasani kwao, kisha ukosekane darasani kwetu.

Utalii ulivyoingia

Ni vema wanafunzi waelezwe kuwa Zanzibar haikuwa na hoteli hizi tangu enzi. Kwa zaidi ya karne moja uchumi wa visiwa hivyo ulitegemea karafuu. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake zinazochanganywa na karafuu, ilipanda mikarafuu yake yenyewe hadi ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ya zao hilo katika soko la dunia ikaanguka. Serikali ililazimika kutafuta chanzo kingine cha fedha za kigeni, ndipo milango ikafunguliwa kwa wawekezaji wa hoteli. Mwaka 2000, Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na jina la Zanzibar likazidi kuvuma.

Takwimu zinaonesha ukubwa wa mabadiliko hayo. Mwaka 2019, Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 500,000 kutoka nje. Mwaka 2024 idadi hiyo ilizidi 700,000. Kwa Tanzania nzima, watalii wa kimataifa walikuwa takriban milioni 1.5 mwaka 2019 na walivuka milioni 2 mwaka 2024, wengi wao wakivutiwa na Serengeti, Ngorongoro, Mlima Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar.

Mwalimu akiandika ubaoni neno karafuu upande mmoja na neno utalii upande wa pili, atawauliza wanafunzi: Je, tumetoka katika hatari ya kutegemea kitu kimoja, au tumebadilisha kitu tunachokitegemea? Jibu lilipatikana mwaka 2020. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipoenea, safari za ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa nchini mwezi Aprili, zikarejeshwa mwezi Mei, lakini wageni hawakurudi mara moja. Idadi ya watalii walioingia Tanzania mwaka huo ilishuka hadi takriban 620,000. Wapishi, madereva, wapagazi wa mlimani na wauza samaki walikaa bila kazi, ingawa hapakuwa na mtu kati yao aliyekosea lolote. Kenya nayo ilipata pigo la namna hiyo mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo hoteli za Mombasa na Malindi zilibaki tupu na wafanyakazi wakapunguzwa.

Faida ambazo mtoto anaweza kuziona

Haitakuwa haki kumfundisha mwanafunzi madhara peke yake. Utalii unaliingizia taifa fedha za kigeni zinazonunua mafuta, dawa na mitambo. Unatoa ajira kwa waongoza watalii, wahudumu, mafundi, madereva, wakulima wa viungo na wachoraji wa picha za Tingatinga, mtindo ulioasisiwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Ada na kodi zinazolipwa na wageni huchangia kujenga barabara na kulinda hifadhi.

Upo pia mfano wa karibu wa Msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo anaishi kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja pekee. Wanakijiji wa jirani, ambao mazao yao wakati mwingine huliwa na kima hao, hupata sehemu ya mapato ya viingilio kwa ajili ya miradi ya vijiji vyao. Katika kisiwa cha Chumbe, kilichotangazwa kuwa eneo la hifadhi ya bahari mwaka 1994, fedha zinazolipwa na wageni husaidia kugharimia ziara za wanafunzi wa Zanzibar wanaokwenda kujifunza habari za matumbawe. Watoto waliozaliwa kando ya bahari, na hasa wasichana ambao aghalabu hawakufundishwa kuogelea, huko hupata nafasi ya kutazama chini ya maji kwa mara ya kwanza.

Gharama ambazo hazionekani

Pamoja na faida hizo, zipo gharama ambazo haziandikwi katika vipeperushi vya mawakala wa safari. Ya kwanza ni maji. Shirika la Tourism Concern lililokuwa na makao yake Uingereza lilichapisha ripoti mwaka 2012 iliyokadiria kuwa mtalii katika vijiji vya Kiwengwa, Nungwi na Jambiani alitumia maji mara 16 zaidi ya mkazi. Maji hayo ni ya kuoga, ya bustani, ya kufulia mashuka na ya kujazia mabwawa ya kuogelea, katika kisiwa ambacho wanawake na watoto wengi bado hubeba ndoo kichwani.

Ya pili ni ufukwe wenyewe. Kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980 kiliwapa wanawake wa pwani ya mashariki kipato chao wenyewe. Mwani hulimwa palepale ambapo mgeni anataka kuogelea, na hoteli inapojengwa, njia ya kwenda baharini huweza kufungwa na kambi ya wavuvi huweza kuhamishwa.

Ya tatu ni utamaduni. Katika jamii yenye Waislamu wengi, mgeni anayepita sokoni akiwa na vazi la kuogelea huwaudhi wazee na kuwachanganya vijana, ijapokuwa mara nyingi hana nia mbaya, bali hakuelezwa na aliyemleta.

Kwa wanafunzi wa darasa la sita na la saba, mwalimu anaweza pia kugusia mifano ya Bara. Mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti na kupewa haki ya kuishi Ngorongoro pamoja na wanyamapori. Tangu mwaka 2022, maelfu ya wakazi wa Ngorongoro wamehamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilieleza kuwa uhamaji huo ni wa hiari na una lengo la kuiokoa hifadhi, huku baadhi ya wakazi na watetezi wa haki wakiupinga. Mwalimu hapaswi kutoa hukumu. Awaulize wanafunzi ni nani anayefaidika na mandhari ile, na ni nani anayeilipia.

Kizimkazi: Faida na madhara katika kitu kimoja

Mfano ulio bora kwa watoto, kwa maoni ya mwandishi, ni wa pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Zamani wavuvi wa huko waliwawinda pomboo na kutumia nyama yao kama chambo cha kuvulia papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watalii walianza kuja kuwatazama, na baada ya muda si mrefu ikadhihirika kuwa pomboo aliye hai anaingiza fedha kila siku, ilhali aliyekufa huleta fedha mara moja tu. Uwindaji ukakoma. Utalii, kwa maana hiyo, uliwaokoa.

Hata hivyo, mashua ziliongezeka. Siku za wageni wengi, pomboo hufukuzwa huku na huko na mashua nyingi kwa wakati mmoja, watu wakirukia majini juu yao, hata wanyama hao wakakosa nafasi ya kupumzika, kula na kunyonyesha watoto. Ukiendelea bila utaratibu, utalii uliowaokoa unaweza kuwafukuza. Hapo mwanafunzi atakuwa amejifunza jambo ambalo hata watu wazima hulisahau: utalii hauna wema wala ubaya wa asili, na matokeo yake hutegemea namna unavyoendeshwa.

Namna ya kufundisha darasani

Si lazima shule iwe na kompyuta wala vitabu vya gharama ili somo hili lieleweke. Katika Tanzania Bara, mtaala ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2024 una somo la Jiografia na Mazingira, na mada hizi zinaingia humo bila kulazimishwa. Yapo mazoezi manne yanayoweza kufanywa na mwalimu yeyote.

La kwanza ni safari ya dola. Mwalimu akate vipande kumi vya karatasi, kila kimoja kikiwa na thamani ya dola 100, na kusema kuwa hizo ni dola 1,000 za kubuni zilizolipwa na mgeni huko Ulaya. Kisha aweke vikapu viwili mbele ya darasa, kimoja kikiitwa Nyumbani na kingine Nje. Wanafunzi wajadili kila kipande: Nauli ya ndege ya shirika la nje inakwenda wapi? Tume ya wakala? Faida ya mwenye hoteli aliye ng'ambo? Siagi na mvinyo vilivyoagizwa kutoka nje? Mshahara wa mhudumu? Samaki wa mvuvi wa kijijini? Mwishoni kikapu cha Nje huelekea kujaa kuliko cha Nyumbani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Swali linalofuata ndilo lenye uzito: tufanye nini ili kikapu cha Nyumbani kijae zaidi? Watoto watataja mboga, matunda, mayai, samani na ujuzi wa lugha. Mwalimu asisitize kuwa mwenye ndege hakuiba, kwani ametoa huduma, na kwamba makisio ya darasani si hesabu kamili.

La pili ni la ndoo. Zichorwe ubaoni ndoo 16 upande mmoja na moja upande mwingine, kisha kila mwanafunzi ahesabu maji yanayotumika nyumbani kwao kwa siku. Hapo hesabu, sayansi na maarifa ya jamii hukutana katika kipindi kimoja.

La tatu ni mahojiano. Kila mwanafunzi amuulize bibi, babu au jirani mzee mambo matatu: ufukwe ulikuwaje alipokuwa mtoto, nini kimekuwa bora, na nini kimepotea. Majibu yasomwe darasani bila kukosolewa. Mtoto atagundua kuwa bibi yake ni kitabu, na kwamba wazee nao hawakubaliani katika kila jambo.

La nne ni mjadala wa kuigiza. Mwekezaji anataka kujenga hoteli ya vyumba 100 kijijini. Mwanafunzi mmoja awe mwekezaji, mwingine sheha, mwingine mkulima wa mwani, mvuvi, kijana asiye na kazi, imamu na mgeni. Kila mmoja ajitetee, kisha waandike masharti ambayo kijiji kizima kinaweza kuyakubali. Zoezi hili huwafundisha kuwa kusema ndiyo au hapana peke yake hakutoshi, na kwamba mkataba mzuri hujengwa na watu wanaojua wanachokitaka.

Usalama wa mtoto usifichwe

Lipo jambo ambalo walimu na wazazi wengi huona aibu kulitamka. Ripoti ya UNICEF na Serikali ya Kenya ya mwaka 2006 ilikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika maeneo ya Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakitumikishwa kingono kwa malipo. Ripoti hiyo haikuwalaumu wageni peke yao, kwani ilibainisha kuwa wenyeji pia walikuwa miongoni mwa wateja, na kwamba jamii ilikuwa ikifumba macho.

Mtoto hahitaji maelezo ya kutisha. Anahitaji kanuni chache zilizo wazi: asifuatane na mtu mzima asiyemfahamu kwa ahadi ya zawadi, asikubali kupigwa picha asipotaka, asiende ufukweni kuuza bidhaa wakati wa masomo, na amweleze mzazi au mwalimu mara moja akiona jambo linalomtia shaka. Aambiwe pia kuwa kukataa si utovu wa adabu. Ukarimu tuliofundishwa na wazee haukuwa na maana ya kujitoa sadaka.

Wazazi nao wana sehemu yao. Shilingi anayoileta mtoto kutoka ufukweni inaonekana kama msaada, lakini kila siku anayoikosa shule inamwondolea nafasi ya kuwa mhasibu, mpishi mkuu, nahodha au meneja wa hoteli ileile. Papasi anayewafuata wageni mchangani leo anatumia lugha aliyoiokota njiani. Mwenzake aliyemaliza masomo anaisoma kwa ufasaha na kusaini nayo mkataba.

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya jamii anamoishi. Wakati huo jamii hiyo ilikuwa ya wakulima wa vijijini. Leo, kwa vijiji vingi vya mwambao na vya kandokando ya hifadhi, jamii hiyo inaishi na mgeni mlangoni. Shule inayokaa kimya kuhusu mgeni huyo inamwachia mtoto ajifunze ufukweni, kwa mwalimu yeyote atakayemkuta huko.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyeelewa mapema kuwa nchi yake si ombaomba, kuwa bahari na msitu ni mtaji wake, na kuwa fedha ya mgeni ina njia zake za kuingia na kutoka, atamkaribisha mgeni akimtazama usoni. Huyo ndiye mwenyeji ambaye wahenga walimkusudia waliposema kuwa atapona.